IST ya mwaka 2004 inapoteza maji na kumisi asubuhi: je, ninunue injini nyingine?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Mwaka jana nilinunua Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya cc 1,300, iliyokuwa imeshatumika hapa nchini kwa miaka kadhaa. Kila asubuhi nikiiwasha inatetemeka na kumisi kwa dakika moja hivi na kutoa moshi mweupe, kisha inatulia na siku nzima haina neno. Maji ya rejeta naongeza karibu kila siku ya nne, wala sioni yakidondoka chini. Oili hupungua kama lita moja kati ya sevisi na sevisi, ambayo nafanya kila kilomita 5,000. Mbele inagonga kwenye matuta. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi zote, wa pili akabadilisha pampu ya mafuta, na wa tatu ameniambia injini imechoka, ninunue ya mtumba kwa shilingi milioni 1.8 pamoja na kufunga. Nikubali, niitengeneze hii au niuze gari? Na kwa gari la umri huu nitarajie matatizo gani mengine, kwa gharama gani?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Hiyo milioni 1.8 usiitoe kwanza. Katika maelezo yako kuna mambo mawili ambayo, kwa ninavyoona, hakuna fundi aliyeyaweka pamoja: gari linamisi asubuhi peke yake kisha linatulia, na maji yanapungua bila kuonekana yanakokwenda. Kila moja likisimama peke yake lina sababu nyingi, lakini yakikutana ndani ya injini moja yananielekeza kwenye gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku, kabla ya kitu kingine chochote.

Inakuwa hivi. Unapozima gari jioni likiwa la moto, mfumo wa maji hubaki na presha kwa muda. Kama gasketi imeanza kuachia hata sehemu ndogo sana, maji hupenya kidogo kidogo na kuingia kwenye silinda moja, na yanakaa humo usiku kucha juu ya pistoni. Asubuhi plagi ya silinda hiyo imelowa, haichomi sawasawa, na injini yako ya silinda nne inatembea kwa tatu; ndiyo maana inatetemeka. Moshi mweupe ni mvuke wa maji hayo. Baada ya dakika moja yamekwisha kutoka kwa njia ya ekzosi, plagi imekauka, na wewe unaondoka kwenda shuleni ukiamini kwamba gari limejirekebisha. Koili, kifaa kinachoipa plagi umeme, ikichoka haina tabia hiyo. Mara nyingi yenyewe humisi injini ikishapata moto au inapobeba mzigo, kwa mfano ukipanda mlima huku kiyoyozi kinafanya kazi. Pampu ya mafuta iliyochoka nayo hujionyesha kwenye mwendo na kwenye vilima, si wakati gari limesimama nyumbani. Ni kweli kwamba asubuhi za baridi za mwezi Juni na Julai gari zima pia hutoa mvuke kidogo, kwa hiyo moshi peke yake nisingeutilia maanani. Ni maji unayoongeza kila siku ya nne ndiyo yananitia wasiwasi.

Hata hivyo haya ni makisio ya mtu ambaye hajaliona gari, na umekwisha kulipia makisio ya watu wawili. Kwa hiyo fedha utakayotoa sasa iwe ya kupima, na kipimo cha kwanza hakihitaji mashine kubwa. Mwombe fundi afunge pampu ya presha kwenye mdomo wa rejeta jioni, injini ikiwa imepoa, aipandishe hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko cha rejeta na asizidishe, kisha gari lilale hivyo. Asubuhi, kabla hamjaliwasha, azitoe plagi zote nne na kuzipanga juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda zake. Plagi za injini inayokula oili kidogo, kama yako, huwa na rangi ya kahawia au weusi wa masizi. Ile ya silinda inayoingiza maji huwa tofauti mno na wenzake: nyeupe, safi, kama iliyosuguliwa kwa brashi, kwa sababu kila asubuhi mvuke unaiosha. Ukimulika kwa tochi kwenye tundu lake utaona hata kichwa cha pistoni kinang’aa huku za jirani zikiwa nyeusi. Nimeshawaonyesha wenye magari wengi plagi ya namna hiyo, na baada ya kuiona hakuna aliyehitaji maelezo zaidi kutoka kwangu. Pia yapo maji ya rangi ya buluu yanayowekwa kwenye chombo juu ya mdomo wa rejeta huku injini ikinguruma. Gesi ya moshi ikipita humo hubadilika kuwa ya manjano. Gereji yenye chombo hicho ikupimie.

Kwa kuwa plagi zitakuwa nje, hapo hapo apime kompresheni ya silinda zote, yaani presha ya hewa pistoni inapoibana. Injini yako, 2NZ-FE ya cc 1,298, na ndugu yake mkubwa 1NZ-FE ya cc 1,496 iliyofungwa kwenye IST za 1.5, zikiwa nzima hutoa takriban bar 15; kiwango cha mwisho cha chini ni takriban bar 11, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi bar 1. Silinda tatu zikisoma 13 na moja ikasoma 10, tatizo liko sehemu moja na lina jina. Zote nne zikisoma 9, hapo yule fundi wa tatu atakuwa na hoja nami nitamwunga mkono. Kazi yote hiyo, pamoja na kusoma kompyuta ya gari, haipaswi kuzidi shilingi 50,000 au 60,000.

Kuhusu kompyuta, tahadhari moja. Vile vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyounganishwa na simu mara nyingi haviwasiliani na magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, ingawa tundu la kuchomekea ni lile lile. Fundi akikuambia kompyuta ya gari imekufa kwa sababu kifaa chake hakisomi, usimwamini. Tafuta gereji yenye mashine inayoyajua magari ya Toyota ya Kijapani. Ikisoma, namba P0301 hadi P0304 hutaja silinda inayomisi, ya kwanza hadi ya nne, ukihesabu kuanzia upande wa fen belti. Silinda inayotajwa ikiwa ndiyo ile ya plagi nyeupe, umepata jibu. Ikiwa plagi zote zinafanana na maji hayajapungua usiku kucha, basi hamisha koili ya silinda inayotajwa uifunge kwenye silinda ya jirani, kisha usome tena. Hitilafu ikihama pamoja na koili, badilisha koili hiyo moja tu. Iliyotumika hupatikana kwa shilingi 40,000 hadi 60,000, na mpya ya kampuni huzidi mara mbili ya hapo. Angalia pia kama mguu wa koili umelowa oili. Gasketi ya kava ya vali ikizeeka, oili huvuja na kujaa kwenye mashimo ya plagi, na watu hubadilisha koili tatu mfululizo wakati dawa ilikuwa gasketi ya shilingi 30,000.

Sasa tuchukue kwamba ni gasketi ya hedi, kwa sababu ndiko ninakoelekea. Bei nitakazotaja ni makadirio ya Dar es Salaam na Morogoro kama ninavyokutana nazo kazini, nazo hupanda na kushuka pamoja na dola, kwa hiyo ulizia kabla ya kulipa. Seti ya gasketi pamoja na sili za vali ni kati ya 120,000 na 200,000. Kupima na kuchonga hedi ni 50,000 hadi 80,000. Oili, filta na kulanti (maji ya rejeta yenye dawa) huchukua kama 120,000 hadi 150,000, na ufundi ni 150,000 hadi 250,000. Jumla, ukikadiria, ni kama 450,000 hadi 700,000.

Katika kazi hiyo yapo mambo matatu ambayo ningependa uyasimamie mwenyewe, hata kama itabidi uombe ruhusa ya siku moja. La kwanza, hedi ni ya aluminiamu na ikipata joto hupinda, kwa hiyo lazima ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka. Kwa injini hii upindaji unaoruhusiwa upande wa bloku ni milimita 0.05 tu, ambao jicho haliwezi kuuona. Fundi akiifuta kwa kitambaa, akaitazama na kusema iko sawa, gasketi mpya itaachia tena baada ya miezi michache. La pili, boliti za hedi hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu hadi Nm 29, kisha kila moja huzungushwa nyuzi 90, halafu nyuzi 90 nyingine, kwa kufuata mpangilio kutoka katikati kwenda pembeni. Boliti hizo hurefuka kila zinapokazwa, hivyo zipimwe, na zilizovuta zibadilishwe. La tatu, kwa kuwa hedi itakuwa chini, sili za vali zibadilishwe hapo hapo, maana ni sehemu mojawapo oili yako inapopitia na ufundi wake umekwisha kuulipia.

Lakini gasketi haiachii bila sababu. Karibu kila mara gari liliwahi kuchemsha, huenda kabla hujalinunua, na kilichosababisha kinaweza kuwa bado kipo. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa (usifungue kamwe ikiwa ya moto, maji yatakuruka usoni), fungua kifuniko cha rejeta uchovye kidole. Ukitoka na maji ya rangi ya kutu, gari hili limekuwa likinyweshwa maji ya bomba kwa miaka. Kutu hiyo imeziba mirija ya rejeta na inakula mapanga ya wota pampu. Rejeta za magari haya zina matangi ya plastiki juu ya moyo wa aluminiamu. Plastiki ikishafika miaka kumi na kitu hugeuka rangi kuwa ya udongo na kupasuka kwenye maungio. Mpya isiyo ya kampuni inapatikana kwa 130,000 hadi 200,000, na kuizibua ya zamani kwa waya sikushauri. Kifuniko ni 15,000 hadi 25,000, nacho ndicho kinachoshika presha inayozuia maji yasichemke mapema. Feni ya umeme ijaribiwe kwa kuacha gari linguruma likiwa limesimama hadi feni iwake yenyewe na kuzima yenyewe.

Halafu kuna thamostati, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu ni kosa ninalokutana nalo karibu kila wiki. Mafundi wengi huitoa na kuitupa kwa maelezo kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho kimewekwa kwa ajili ya nchi za baridi. Si kweli. Injini imeundwa kufanya kazi katika joto la nyuzi themanini na kitu, na thamostati ndiyo inayoifikisha na kuishikilia hapo. Ikitolewa, maji huzunguka bila kizuizi, injini hutembea ikiwa vuguvugu, kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa na kuongeza petroli, na unyevu unaoingia kwenye oili hauungui bali unageuka tope. Tope hilo ndilo linaloziba kichujio kidogo kilicho kwenye njia ya oili ya VVT-i, mfumo unaorekebisha wakati wa vali kufunguka, na kugandisha ringi za pistoni. Muulize fundi wako kama gari lako bado lina thamostati. Kama halina, irudishwe. Ni 30,000 hadi 60,000, na nunua nzuri.

Ukijumlisha gasketi na kila kitu cha kupoozea, unafika kama shilingi 650,000 hadi milioni moja, na injini uliyo nayo unaijua. Ile ya milioni 1.8 huijui. Imetoka kwenye gari ambalo hukuliona, pengine lililogongwa, pengine lililochemsha pia, na kuisikiliza ikinguruma juu ya sakafu ya duka kwa dakika tano hakuonyeshi kitakachotokea ikibebeshwa watu wanne kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam. Zaidi ya hayo, ikifungwa kwenye rejeta ile ile iliyoziba, nayo itachemka. Isitoshe, namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na ukibadilisha injini itakubidi urekebishe kumbukumbu TRA, jambo ambalo wauzaji hawalitaji na ambalo mnunuzi wako wa baadaye ataliuliza. Nitakubali injini nyingine kama kompresheni ni ya chini kwenye silinda zote, kama hedi imepasuka, au kama ukuta wa silinda umechanika. Bloku ya familia hii ni ya aluminiamu yenye mirija myembamba ya chuma, haikutengenezwa kwa ajili ya kuchongwa na kuwekewa pistoni kubwa kama injini za zamani, kwa hiyo anayekuahidi kazi hiyo usimpe.

Kuhusu oili, lita moja kwa kilomita 5,000 kwenye injini yenye umri wa zaidi ya miaka ishirini si ugonjwa wa kuufungulia injini. Kubadilisha ringi kutakugharimu laki kadhaa zaidi juu ya kazi ya gasketi, na siyaoni manufaa yake kwa kiwango hicho. Pima kijiti kila Jumamosi gari likiwa kwenye sehemu tambarare, ongeza inapopungua, na uwe na lita moja kwenye buti. Tumia 5W-30, inayoingia lita 3.7 ukibadilisha na filta. Utashauriwa uweke oili nzito ili “ishike”, lakini VVT-i huendeshwa kwa presha ya oili inayopita kwenye matundu madogo, na oili nzito huchelewa kufika hapo na hata kwenye cheni ya taimingi wakati wa kuwasha. Cheni hiyo haina ratiba ya kubadilishwa kama mkanda wa Starlet. Inaishi kwa kadiri oili inavyokuwa safi, na ikianza kulegea utaisikia ikikwaruza asubuhi kwa sekunde chache upande wa fen belti.

Mlio wa mbele ni jambo dogo kwa mfuko, ila usiupuuze. Anza na stabilaiza linki, vijiti vinavyoshika stabilaiza ya mbele, ambazo kwenye barabara zetu huisha mapema kuliko kitu kingine. Jozi ni 40,000 hadi 60,000. Kisha boljointi, viungo vya chini vinavyoshika magurudumu ya mbele, na hizi zikaguliwe gari likiwa limeinuliwa, kwa sababu boljointi ikichomoka tairi hulala na gari halishikiki tena. Jozi ni 50,000 hadi 80,000. Shokapu mpya za mbele ni 180,000 hadi 280,000. Badilisha zikiwa zimevuja au gari linaendelea kudunda baada ya tuta, vinginevyo ziache. Kama mwenye gari wa kwanza aliliinua kwa kuweka spesa, angalia mipira ya si-vi jointi, viungo vya draivu shafti inayozungusha magurudumu: shafti hukaa kwa pembe isiyo yake, mipira hupasuka, grisi hutoka na mchanga huingia.

Gia boksi ya IST hii ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa 2002 hadi 2007, ni otomatiki ya kawaida ya gia nne na ni imara. Ibadilishiwe oili ya aina ya T-IV, na kama hujui ilibadilishwa lini, toa ile inayotoka kwa kufungua nati ya chini tu, jaza, tembea kwa wiki chache, kisha rudia. Iliyotumika inauzwa 600,000 hadi 900,000, fedha ambayo oili ya wakati mwafaka hukuokolea.

Kuuza sasa sikushauri. Mnunuzi anayejua atalisikia likitetemeka asubuhi na kukukata bei ya injini nzima, na asiyejua utakuwa umembebesha tatizo ulilokuwa nalo wewe. Ukishatengeneza na maji yakasimama, amua upya kwa utulivu.

Mpangilio wa fedha basi uwe hivi: wiki hii kipimo na boljointi, kwa sababu moja ni ya kujua na nyingine ni ya usalama wako, baadaye gasketi pamoja na rejeta, thamostati na kifuniko kwa mara moja, usivigawe, linki na shokapu zinaweza kungoja mshahara unaofuata. Spea ukizikosa hapo, wauzaji wa Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam, hutuma kwa basi na unazipokea stendi ya Msamvu siku hiyo hiyo, ila fundi akupigie picha ya kifaa cha zamani kwanza ili kilinganishwe. Hadi siku ya kazi, usisafiri mbali na gari hilo. Pia usiitegemee taa nyekundu ya joto wala mshale peke yake, kwa sababu maji yakiwa yamekwisha kabisa sensa hubaki kwenye hewa na inaweza isionyeshe kitu huku injini inaungua. Kila asubuhi angalia kiwango kwenye chupa na kwenye rejeta, andika kiasi ulichoongeza na tarehe, na plagi zikishatolewa niandikie ni ya silinda ipi iliyotoka nyeupe na kompresheni ilisoma ngapi kwa kila silinda, nikuambie kama seti ya gasketi inatosha au kuna cha kuongeza kabla hujaagiza.